Jenga Baraza, Usifungue Uani: Mwongozo kwa Mwandishi Anayetaka Wasomaji Bila Kujianika

Maswali yanayonijia kutoka kwa waandishi wapya ni yale yale. "Dada, nimeandika kitabu cha ufugaji wa samaki lakini sitaki sura yangu ionekane mtandaoni, nitauzaje?" "Mimi ni muuguzi, nataka kuandika kuhusu kulea watoto njiti, ila sitaki majirani wajue ni mimi." "Lazima niweke namba ya simu kwenye jalada?" Nimekuwa nikiyajibu moja moja. Sasa nayaweka yote hapa, hatua kwa hatua, ili anayeanza leo asisubiri jibu langu.

Inawezekana. Tena kwa mwandishi wa vitabu vya maarifa ni rahisi kuliko kwa mwimbaji au mchekeshaji, kwa sababu msomaji wako ana tatizo na anatafuta jibu. Jibu likimfaa, atakutafuta tena hata kama hajui unafananaje.

Mimi nimeyajua haya kwa kuumia. Kijitabu changu cha kwanza kilihusu kutunza hesabu za vikoba, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Kilitoka na namba yangu ya kila siku kwenye jalada la nyuma, na jina la mtaa wetu pale Tanga kwenye ukurasa wa hakimiliki. Niliona ndio uungwana. Jumamosi moja asubuhi, chai haijachemka, nikasikia hodi. Nafungua mlango, akina mama saba wamesimama, wa mbele kajitwika sanduku la kikoba, lile la chuma lenye kufuli tatu. Mwenye ufunguo wa tatu alikuwa hajulikani alipo, na wenzake walitaka niwaambie kama sanduku livunjwe au lisivunjwe. Mama mkwe yuko uani na kanga yake moja, anakuna nazi. Niliwakaribisha, tukanywa chai, tukazungumza mpaka adhuhuri. Hawakunikosea kitu, maana anwani niliiandika mwenyewe. Lakini baada ya hapo zikaja simu za saa tano za usiku, na wengine wakaja na masanduku yao. Nyumba ikageuka ofisi.

Nyumba zetu za pwani zilishalimaliza jambo hili zamani. Mgeni ana baraza. Anakaa, anapewa kahawa, anapata habari, anarudi kesho na keshokutwa, na miaka inapita hajawahi kuona uani wala haulizi kuna nini. Hivyo ndivyo utakavyojenga jukwaa lako la uandishi.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la karatasi. Siri za kazi hii ni bora zikae kwenye karatasi kabatini.
- Laini ya simu ya pili, na simu ya kuiwekea. Simu ya laini mbili inatosha, ila simu ndogo ya pembeni ni bora zaidi kwa sababu unaweza kuizima ukaenda kulala.
- Barua pepe mpya isiyo na jina lako la nyumbani wala mwaka wako wa kuzaliwa.
- Sanduku la posta, lako au la kushirikiana na mtu unayemwamini.
- Majibu kumi uliyokwisha kuyaandika ya maswali ambayo watu huuliza kuhusu somo lako. Kama huna hayo kumi, acha kila kitu uyaandike kwanza. Baraza tupu halina mgeni.
- Saa mbili tatu kwa wiki.

Huhitaji kamera, taa, wala kucheza mbele ya simu.

Hatua ya 1: Gawa nyumba yako

Fungua daftari, chora mistari miwili wima upate safu tatu. Ya kwanza iite baraza, ya pili sebule, ya tatu uani.

Barazani weka kila anachoruhusiwa kukijua mtu yeyote. Sebuleni weka wanachoweza kukijua unaofanya nao kazi: mhariri, mchapaji, mwenye duka la vitabu. Uani weka kisichotoka kabisa. Yangu yako hivi. Barazani: jina la kazi, kwamba nimefanya hesabu za vikundi kwa miaka mingi, na mkoa ninaoishi. Sebuleni: jina langu kamili, namba ya malipo. Uani: mtaa, sura, mume, watoto na shule zao, afya yangu, dini yangu, na kikundi changu mwenyewe cha kikoba.

Ukimaliza, wasomee wa nyumbani safu ya tatu. Mwenzi wako na watoto wako wana haki ya kuongeza vitu humo, kwa sababu jina la mtoto ni la mtoto, hata kama kisa chake kingekinogesha kitabu chako.

Kosa la kawaida: kusubiri kuamua siku utakapoulizwa. Mtangazaji akikuuliza kwa tabasamu una watoto wangapi, utajibu. Na maji yakimwagika hayazoleki. Amua leo, peke yako, kichwa kikiwa kimetulia.

Hatua ya 2: Chagua jina

Una njia tatu. Unaweza kutumia jina lako kamili na kuficha mengine yote. Unaweza kutumia nusu ya jina, kwa mfano jina la kwanza na la babu ambalo halimo kwenye kitambulisho. Au unaweza kutumia lakabu.

Lakabu si ujanja wa kigeni. Malenga wetu waliandika magazetini miaka na miaka kwa lakabu, jina la kishairi juu na S.L.P. chini, na wasomaji wakajibizana nao kwa beti bila kuhitaji picha. Hata kwenye sayansi jambo hili lipo. Waliosoma takwimu wanalijua jaribio la t la "Student". Student alikuwa William Sealy Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyechapisha makala yale mwaka 1908 kwa jina hilo kwa sababu mwajiri wake hakutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao. Hesabu zilikuwa sahihi, zikatumika, zinatumika mpaka leo.

Kabla ya kulishika jina, litafute mtandaoni na kwenye maduka ya vitabu. Usichukue jina la mtu aliye hai. Na hapa nakusihi sana: lakabu ni jina tu, isiwe leseni ya kudanganya. Usijiite daktari kama si daktari, usijiite wakili kama si wakili. Mwandishi wa riwaya anaweza kubuni. Wewe unamwambia mtu ampe mtoto wake chakula gani au aweke wapi akiba yake. Ficha nyumba yako, usifiche ukweli wa ujuzi wako.

Mambo ya kisheria ambayo kila mtu huuliza:

Hakimiliki haipotei kwa kutumia lakabu. Inazaliwa unapoiandika kazi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania na Kenya zimo, unazitambua kazi za lakabu, isipokuwa muda wa ulinzi kwa kawaida huhesabiwa kuanzia kazi ilipotolewa kwa umma, angalau miaka 50, badala ya kuhesabiwa tangu mwandishi alipofariki. Mkataba huo pia unampa mchapishaji ambaye jina lake limo kwenye kitabu nafasi ya kumwakilisha mwandishi asiyetaka kutajwa. Kwa hiyo ukichapisha mwenyewe, weka jina la biashara kama mchapishaji. Lifanye hilo likusimamie mlangoni.

Namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu madukani na maktabani, Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na Huduma ya Maktaba za Taifa. Utajaza fomu. Soma kila kisanduku na uulize kipi kitaingia kwenye orodha ya wazi kabla ya kuandika simu na anwani.

Kama umeajiriwa, soma mkataba wako na kanuni za siri za kazi. Muuguzi anaweza kuandika kuhusu watoto njiti kwa jumla. Hawezi kuandika kuhusu mgonjwa wa kitanda cha tatu, kwa jina lolote lile. Na kama unachoandika mtandaoni ni habari na matukio ya Tanzania, zisome Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 na marekebisho yake ya 2022 kwanza, maana huko kuna masuala ya leseni.

Lakabu haikufichi kwa serikali wala mahakama. Inakuficha kwa mtu wa kupita njia. Ukikubali hilo mapema hutaishi na wasiwasi wa bure.

Hatua ya 3: Simu, barua pepe na posta

Hapa ndipo wengi huvujia, kwa hiyo nenda taratibu.

Sajili laini ya pili kwa kitambulisho chako mwenyewe. Usitumie laini ya mtu mwingine wala iliyosajiliwa tayari barabarani; hilo ni kosa kisheria, na siku ukiipoteza huna namna ya kuirudisha. Ukitaka kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

Laini hii iwe ya wasomaji tu. Usiwape namba hiyo ndugu, na ndugu zako usiwaingize kwenye simu hiyo. Fungua WhatsApp humo, kisha nenda kwenye mipangilio ya faragha: picha waione walio kwenye orodha yako tu, na simu za wasiojulikana zinyamazishwe. Kwenye maelezo andika saa za kujibu. Mimi nimeandika: "Najibu ujumbe Jumanne na Alhamisi, saa 2 hadi saa 4 asubuhi. Sipokei simu." Watu wanaelewa. Mwenye shida ya kweli huandika, na anapoandika shida yake hupangika vizuri kuliko akipiga.

Hakikisha unaitumia laini hiyo mara kwa mara, hata kwa kununua bando dogo. Laini ikikaa miezi bila matumizi, kampuni huifunga na baadaye humpa mtu mwingine, na mtu huyo ataanza kupokea siri za wasomaji wako.

Tahadhari ya Truecaller, ile programu inayoonyesha jina la anayepiga simu: jina linalotokea pale mara nyingi hutokana na watu walivyokuhifadhi kwenye simu zao. Ukimpa jirani namba ya wasomaji, akaiandika "Mama Salma Jirani Nyumba ya Kijani", hilo ndilo linaloweza kumtokea msomaji. Kuna sehemu kwenye tovuti yao ya kuomba namba iondolewe. Fanya hivyo kwa namba ya nyumbani.

Barua pepe ifunge kwa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na msimbo unaotumwa kwenye simu. Kwenye namba ya kurejeshea akaunti, weka ile ya kazi.

Posta ni rafiki mkubwa asiyethaminiwa siku hizi. S.L.P. inakaa vizuri kwenye ukurasa wa hakimiliki, haina mtaa wala mlango, na bado inampa msomaji imani kwamba upo. Pia ina kazi nyingine ambayo wengi huigundua wameshachelewa. Programu nyingi za kutuma barua pepe kwa watu wengi kwa mpigo ni za Marekani, na sheria ya huko ya 2003 inataka kila barua ya kibiashara ibebe anwani ya posta ya mtumaji. Ukijisajili utaulizwa anwani. Ukiandika ya nyumbani, itachapwa chini ya kila barua utakayotuma. Sanduku la posta linakubalika, kwa hiyo andika hilo.

Hatua ya 4: Malipo

Mtu akitaka kukutumia pesa kwenye namba ya kawaida, jina ulilosajilia hujitokeza. Umehangaika na lakabu mwaka mzima, kitabu cha shilingi 5,000 kinakutaja.

Dawa yake ni namba ya biashara: Lipa Namba kwa Tanzania, au namba ya till kwa Kenya, iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Msomaji ataona jina la biashara. Ili ulipate jina hilo, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ukiwa Tanzania, au kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukiwa Kenya. Fahamu kwamba daftari la usajili ni la umma na anayetafuta kwa makusudi anaweza kukupata. Kinachozuilika ni jina lako kumtokea kila mnunuzi.

Kabla ya kutangaza, mwombe mtu mmoja alipe shilingi 1,000 akutumie picha ya ujumbe aliopokea. Usome neno kwa neno.

Ukiona yote hayo ni mzigo, mpe mwenye duka la vitabu auze, akate chake, wewe ulipwe mwisho wa mwezi. Faida itapungua kidogo na usingizi utaongezeka. Mimi nilianza hivyo.

Hatua ya 5: Andika wasifu usio na sura

Wasifu una kazi moja, kumjibu msomaji anayejiuliza "kwa nini nimsikilize huyu?" Wengi hujibu kwa kujianika. Huu hapa ni ule wangu wa zamani, nimebadilisha majina:

"Mama Rehema ni mke wa Bwana Kassim na mama wa watoto watatu, anaishi mtaa wa tatu nyuma ya shule ya msingi, anapenda kupika na kusafiri."

Mtu akisoma hapo anajua njia ya kuja nyumbani, lakini hajui kama naelewa hesabu. Huu ndio niliouweka badala yake:

"Mwandishi amekagua daftari za vikoba kwa zaidi ya miaka kumi mijini na vijijini. Ameona vikundi vilivyogawana akiba kwa furaha na vilivyovunjika kwa sababu ya ukurasa mmoja uliochanwa. Mifano yote kitabuni ni ya hesabu halisi zilizobadilishwa majina."

Unaona tofauti? Wa pili hautaji mtu hata mmoja, na bado unamjua mwandishi zaidi.

Badala ya picha ya uso, chagua alama moja na ukae nayo: daftari lililofunguliwa, ufunguo, jembe, mkono ulioshika kalamu. Itumie kila mahali kwa rangi zile zile, wasomaji wataizoea kama wanavyozoea nembo ya duka.

Hatua ya 6: Chagua mahali pawili pa kukutana na wasomaji

Pawili tu. Anayeanza na mitandao sita huishia kuitelekeza yote sita.

Kwa wasomaji wa Kiswahili napendekeza Chaneli ya WhatsApp pamoja na orodha ya barua pepe. Chaneli, zilizoanza 2023, hazimwonyeshi mfuasi namba ya mwenye chaneli, wala wafuasi hawaonani namba. Kundi la kawaida ni kinyume: kila aliyemo anaona namba za wote. Usifungue kundi. Narudia kwa sababu ndilo kosa ninalolikuta zaidi. Huvujishi namba yako peke yako, unavujisha na za wasomaji waliokuamini, na akina dada ndio huanza kupata ujumbe wa usumbufu usiku huo huo.

Udhaifu wa chaneli ni kwamba si mali yako. Akaunti ikifungiwa, watu wote wamekwenda. Ndiyo maana unahitaji barua pepe, au angalau daftari la majina na namba za waliokubali kujulishwa kitabu kipya kikitoka. Ukianza kuliandika, jua kwamba umeshika taarifa binafsi za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya 2019. Chukua jina na namba tu. Usiulize umri, kazi wala makazi kama huna cha kufanyia, na mtu akiomba afutwe, mfute siku hiyo hiyo.

Ukipendelea Facebook, fahamu kwamba akaunti binafsi inatakiwa kuwa ya jina halisi, lakini Ukurasa unaweza kubeba jina la kazi. Mtandao wowote utakaoutumia, zima ile ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu. Ruhusa hiyo ndiyo inayomfanya shemeji yako apendekezewe kukufuata.

Hatua ya 7: Lisha baraza

Kila wiki jibu swali moja. Swali lenyewe, jibu lake, mfano mmoja wenye tarakimu. Basi.

Mfano wangu. Tangu ipite Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikoba Tanzania vinatakiwa kusajiliwa, na watu huuliza waanzie wapi na katiba iwe na nini. Jibu moja lenye sampuli ya vipengele vya katiba linasambazwa mkono kwa mkono kuliko picha yangu yoyote ingesambazwa. Weka jina lako la kazi na kiungo cha chaneli chini ya kila sampuli, kwa sababu itasafiri bila wewe.

Redio za jamii zitakufaa sana. Nenda na mada tatu zilizoandikwa, kubaliana na mtangazaji kabla ya kipindi maswali gani hayaulizwi, na umpe jina la kutumia likiwa limeandikwa kwenye karatasi aliyoishika. Usipompa karatasi, atakuita alivyozoea kukuita. Kumbuka pia sauti inatambulika: shangazi yako atakujua kwa neno la kwanza. Kama sauti iko safu ya uani, baki kwenye maandishi.

Kwenye maonesho, iwe Sabasaba pale Dar es Salaam au maonesho ya vitabu ya Nairobi, kipe kitabu mtu wa kukiuza. Wewe pita kama mnunuzi, simama mita mbili, usikilize wanachouliza. Nimepata mada za sura mbili nzima kwa kusimama hivyo.

Hatua ya 8: Pangusa kabla ya kutuma

Faili la Word au PDF hubeba jina la mwenye kompyuta kwenye sifa zake, hata kama jaladani umeandika lakabu. Fungua sifa za faili, futa jina, hifadhi upya, kisha lifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine uangalie.

Picha ya simu inaweza kubeba mahali ilipopigwa. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera. Ukiituma WhatsApp kama picha, taarifa hizo huondolewa. Ukiituma kama faili zinabaki.

Kisha angalia kilicho nyuma ya unachokipiga. Hapa nataka usimame kidogo. Mwenzangu mmoja alipiga picha ya mboga alizopanda kwenye magunia, nzuri kabisa. Nikaikuza kwa vidole. Nyuma ya mchicha kulikuwa na mita ya umeme ya LUKU na namba yake. Pembeni sare ya shule kwenye kamba, jina la shule likisomeka mfukoni. Na mlangoni kile kibao cha namba ya nyumba kilichobandikwa wakati wa Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, na jina la mtaa juu yake. Picha moja ya mchicha ilikuwa imetaja nyumba, mtoto na shule. Piga vitu vyako juu ya mkeka au kitambaa kimoja, kila mara hicho hicho.

Hatua ya 9: Linda uani wa wengine

Huwezi kudai faragha yako huku unaanika ya watu. Unapotumia kisa cha mtu, omba ruhusa. Usipoipata, changanya visa viwili vitatu, badilisha mji, kazi, jinsia na kiasi cha fedha, kisha umwambie msomaji kwamba umebadilisha. Jipime hivi: mhusika mwenyewe akikisoma, mumewe akiwa pembeni, je, mume atajua? Akijua, bado hujabadilisha vya kutosha.

Ukikwama

*Wasomaji wanasema hawaniamini bila picha.* Waonyeshe kazi. Toa sura moja bure, toa jedwali wanaloweza kulijaribu leo. Ukikosea, tangaza kosa na sahihisho waziwazi. Imani ya msomaji wa maarifa hujengwa hapo.

*Namba ya nyumbani imeshachapwa kwenye nakala 500.* Chapisha stika ndogo zenye S.L.P. na namba mpya, ubandike zilizobaki. Kwa zilizokwisha kuuzwa, weka ujumbe wa kujijibu kwenye namba ya zamani unaoelekeza kwenye mpya, kwa miezi sita. Rekebisha toleo lijalo.

*Runinga wananiita, wanataka sura.* Omba wapige mikono yako ikijaza daftari, nawe uzungumze. Wakikataa, kataa pia kwa heshima. Wataita mwingine, na wewe una chaneli yako.

*Mtu amegundua jina langu na anauliza kama ni mimi.* Usikane, maana uongo utakufuata. Sema: "Hilo huwa silizungumzi. Swali la kitabu nalipokea." Halafu funga daftari.

*Mtu ananitishia kunianika.* Usimjibu, usimlipe. Piga picha za ujumbe zikionyesha tarehe na namba, hifadhi mahali pawili, nenda polisi upate RB ukiwa Tanzania au namba ya OB ukiwa Kenya. Nchi zote mbili zina sheria za makosa ya mtandao, Tanzania ya 2015 na Kenya ya 2018. Waambie wa nyumbani siku hiyo hiyo, nguvu ya anayetisha ipo katika siri.

*Miezi mitatu imepita, wafuasi arobaini.* Arobaini wanaosoma na kuuliza ni wengi. Angalia swali lipi limesambazwa zaidi, andika mengine matatu yanayofanana nalo. Usikimbilie kuweka picha ya familia ili idadi ipande.

*Msomaji amefika nyumbani.* Mpokee kwa heshima, nje, mpe kiti na maji. Jibu swali moja, kisha mpe karatasi yenye S.L.P., namba na saa zako. Kabla hajaondoka muulize kwa upole amepataje njia, kwa sababu hilo ndilo tundu utakaloliziba leo. Niliwauliza wale akina mama saba. Mwenye sanduku alilitua chini, akatoa kitabu changu kwenye mkoba, akafungua ukurasa wa pili na kuweka kidole chini ya jina la mtaa wetu.